Krepe za Kijapani na Namna ya Kuzitengeneza Nyumbani

Katika mtaa wa Harajuku, mjini Tokyo, imo njia nyembamba iitwayo Takeshita, yenye urefu wa mita 350 hivi. Vijana wa Japani huifuata njia hiyo kwa ajili ya maduka ya nguo, na wengi wao huonekana wakitembea huku wameshika kitu kimoja mkononi: chapati nyembamba sana iliyosokotwa mfano wa karatasi ya njugu, ndani yake mkiwa na krimu, matunda na chokoleti. Wajapani huiita kurepu, jina walilolitoa katika lugha ya Kifaransa. Kwa Kiswahili chepesi na tuseme ni krepe.

Asili ya chakula hiki ni jimbo la Bretagne, magharibi ya Ufaransa. Wakulima wa huko walizoea kusaga nafaka moja yenye mbegu nyeusi za pembe tatu, iliyostahimili ardhi isiyo na rutuba nyingi, wakapika chapati juu ya chuma kipana. Nafaka hiyo ndiyo Wajapani nao huitumia tangu zamani kutengeneza tambi zao za soba. Baadaye zikaenea chapati laini za unga wa ngano, zenye kuliwa na sukari, siagi au jamu. Kila mwaka, tarehe 2 Februari, nyumba nyingi za Ufaransa hupika krepe, na mara nyingi huliwa mezani, zikiwa bado na moto.

Huko Japani krepe ilipata umbo jingine. Mwaka 1976 kampuni ya Marion Crêpes ilianza kuziuza garini katika mtaa wa Shibuya, na mwaka 1977 ikafungua duka katika njia ya Takeshita. Katika miaka hiyo hiyo barabara kubwa ya karibu na Harajuku ilikuwa ikifungwa magari yasipite siku za Jumapili, desturi iliyodumu hadi mwaka 1998. Vijana walijaa barabarani wakitembea na kucheza ngoma zao. Mtu atembeaye hana meza wala sahani. Chakula kilichosokotwa na kuzungushiwa karatasi kilimfaa sana.

Badiliko hilo la umbo lilileta badiliko la upishi. Krepe ya Kifaransa huliwa ya moto, lakini krepe ya Kijapani hubeba krimu baridi, na krimu haipatani na moto. Basi ngozi yake sharti iwe nyembamba, iwe laini kiasi cha kukunjika bila kupasuka, na iwe imekwisha kupoa kabla ya kujazwa. Mpishi anayeyashika mambo hayo matatu hatashindwa.

Mama wa nyumbani wa Afrika Mashariki aliyezoea kupika chapati za maji hataona ugeni mkubwa, kwani rojo ni la namna moja. Tofauti ni kwamba rojo la krepe ni jepesi zaidi, nalo hupumzishwa.

VITU VINAVYOHITAJIWA (krepe 8)

Unga wa ngano gramu 100
Mayai 2
Maziwa mililita 250
Sukari kijiko kikubwa 1
Siagi iliyoyeyushwa gramu 20
Chumvi kidogo, kiasi cha kuokotwa kwa vidole viwili

Wajapani hupendelea unga laini wa keki. Ikiwa uliopo ni unga wa mikate, gramu 20 zake ziondolewe na mahali pake patiwe gramu 20 za wanga wa mahindi, ili chapati isiwe ngumu kama ngozi.

NAMNA YA KUPIKA

Unga uchekechwe katika bakuli pamoja na sukari na chumvi. Katikati lifanywe shimo, yatiwe mayai, kisha yakorogwe kwa mchapo kuanzia katikati kwenda ukingoni. Maziwa yatiwe kidogo kidogo. Yakimiminwa yote kwa mara moja, unga hufanya madonge. Mwisho itiwe siagi, na rojo lote lipitishwe katika chungio.

Sasa rojo lifunikwe na kuachwa mahali pa baridi kwa muda wa nusu saa hadi saa moja. Wengi huiruka hatua hii kwa haraka, na hapo ndipo chapati zao huharibika. Katika muda huo unga hunywa maziwa, mapovu hutoka, na ile nguvu ya kuvutana iliyoamshwa na kukoroga hulegea. Rojo lisilopumzika hutoa chapati yenye matundu, inayojikunyata kikaangoni.

Kikaango cha upana wa sentimita 24 kipashwe moto wa wastani na kupakwa siagi kidogo kwa kitambaa. Wapishi wa nyumbani wa Japani wanayo hila nzuri: kikaango kikishapata moto hukigusisha kwanza juu ya kitambaa kibichi kilichokunjwa, ili joto lake lilingane pande zote. Kisha humimina upawa mdogo wa rojo, kiasi cha mililita 50, na kukizungusha upesi mpaka rojo lienee. Madukani kazi hiyo hufanywa kwa kijiti cha mbao chenye umbo la herufi T, juu ya chuma kipana cha mviringo.

Ukingo ukianza kukauka na kupata rangi ya kahawia, baada ya dakika moja hivi, chapati igeuzwe. Upande wa pili wahitaji sekunde 20 tu. Iwekwe juu ya sahani, ifunikwe kwa kitambaa safi ili isikauke, na zinazofuata zipangwe juu yake. Zote ziachwe zipoe kabisa.

KUJAZA NA KUKUNJA

Krimu nzito mililita 200, iliyokaa katika jokofu, ipigwe pamoja na kijiko kikubwa kimoja cha sukari mpaka isimame. Ndizi mbivu 4 zikatwe vipande na kunyunyiziwa maji ya limau zisigeuke rangi. Mchuzi wa chokoleti waweza kufanywa kwa kuchemsha vijiko vikubwa 2 vya kakao, 3 vya sukari na 4 vya maji.

Chapati itandazwe. Krimu na ndizi ziwekwe katika nusu ya juu, kwa umbo la pembe tatu ambayo ncha yake iko katikati ya chapati. Nusu ya chini ikunjwe kwenda juu, ipatikane nusu duara. Kisha isokotwe kutoka upande mmoja hadi wa pili, ncha ikibaki chini, na kuzungushiwa karatasi safi. Kijazo kisizidi; kikizidi, chapati hupasuka na krimu humwagikia nguo.

Si lazima krepe iwe tamu. Japani huuzwa pia zenye samaki jodari na mayonezi, au jibini na majani ya saladi. Kwa hizo sukari ya rojo ipunguzwe.

TAHADHARI

Krimu ni chakula kiharibikacho upesi. Isiachwe nje ya jokofu kupita saa 2, na panapokuwa na joto la kupita nyuzi 32 isizidi saa 1. Rojo lenye mayai mabichi nalo lisilazwe nje usiku kucha. Tumbo la mtoto mdogo huumia haraka kwa chakula cha namna hiyo, na hasara yake hupita thamani ya krimu iliyotupwa. Nyumba isiyo na jokofu iiache krimu na badala yake itumie ndizi na asali, jamu, au siagi ya karanga. Ladha itakuwa nyingine, bali umbo na ulaini wa krepe vitabaki vile vile.

Kwa familia yenye watoto wengi, mayai 2 na maziwa kikombe kimoja yanatosha watu wanane. Chapati zaweza kupikwa asubuhi, zikafunikwa vizuri na kuwekwa katika jokofu, zikajazwa jioni baba arudipo zamu yake, kila mtu akijikunjia ya kwake.