Asili ya Neno "Jackass Copal"

Mwalimu akifunua kamusi ya Kiingereza ataona ya kuwa "jackass" maana yake ni punda dume. Basi akikuta katika vitabu vya biashara ya kale maneno "jackass copal", atadhani ni sandarusi ya punda. Sivyo. Neno hilo ni letu wenyewe, chakazi, lililoharibika vinywani mwa wafanya biashara wa Unguja. Richard Burton alieleza hivyo mwaka 1860. Na "copal" limetoka Meksiko, kwa neno "copalli", yaani uvumba.

Katika karne ya 19 sandarusi ya pwani ya Kilwa na Lindi ilipelekwa Ulaya na Marekani kupikwa vanishi. Ile ya kale, iliyochimbwa ardhini, ilikuwa ngumu na yenye thamani. Chakazi, sandarusi mbichi ya mtini, ilikuwa laini, na bei yake ndogo. Basi asiyejua neno hilo moja katika hati aliweza kuuza sandarusi njema kwa bei ya chakazi.

Kwa hiyo twawaasa wasomaji wetu wa Milola: msilipokee neno geni kwa sauti yake tu. Ulizeni lilikotoka, na jinsi litumikavyo.