Mateka wa Vita Aliyekuwa Mlinda Mlango Mashuhuri na Mwalimu wa Mpira

Katika timu ya mpira wa miguu watu kumi waweza kukosea, na makosa yao yakasahauliwa kabla refa hajapiga filimbi ya mwisho. Mtu wa kumi na moja, yaani mlinda mlango, hana bahati hiyo. Kosa lake huandikwa katika hesabu ya mabao, na kila aliyelipa kiingilio huliona. Bw. Bert Trautmann alikaa katika kazi hiyo ngumu kwa miaka kumi na mitano katika mji wa Manchester, Uingereza. Tena aliifanya akiwa na mzigo mwingine mabegani, kwani alikuwa Mjerumani, na alianza kuwachezea Waingereza miaka minne tu baada ya mataifa hayo mawili kuacha kupigana vita.

KIJANA WA BREMEN

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Bernhard Carl Trautmann. Alizaliwa tarehe 22 Oktoba, 1923, katika Bremen, mji wa bandari ulioko kaskazini ya Ujerumani. Hitler alipotwaa serikali mwaka 1933, mtoto huyu alikuwa na umri wa miaka tisa, na mwaka huo huo aliingia katika chama cha watoto cha Wanazi. Huko watoto walipewa michezo na safari za kulala mahemani, mambo ambayo kila mtoto huyapenda. Walakini pamoja na hayo walifundishwa kutii bila kuuliza, na kuwadharau watu wa mataifa mengine. Trautmann alikuwa hodari wa mpira wa miguu na wa mpira wa mikono. Alipokua alitiwa kazini ajifunze ufundi wa motakaa.

Mwaka 1941 aliingia katika jeshi la anga, na baadaye akawa mmoja wa askari warukao kutoka katika ndege kwa miavuli. Alipigana katika nchi za Urusi kwa miaka mitatu, akapata nishani ya Msalaba wa Chuma. Uzeeni alisimulia kwamba huko aliona kwa macho yake raia, waume kwa wake na watoto, wakipigwa risasi msituni na watu wa Hitler. Hakuyaficha mambo hayo, wala hakujisifu kwa nishani zake. Katika askari elfu moja wa kikosi chake cha kwanza, waliosalia vita vilipokwisha walikuwa 90 tu. Mwaka 1945 alitekwa na Waingereza upande wa magharibi, akavushwa bahari kupelekwa Uingereza akiwa mateka.

KATIKA KAMBI YA MATEKA

Katika kambi, mateka walionyeshwa sinema ya yale yaliyokutwa Belsen, mahali ambapo maelfu ya Wayahudi na watu wengine walikufa kwa njaa, maradhi na mateso. Kwa muda fulani Trautmann aliwekwa kuwa dereva wa askari mmoja ambaye naye alikuwa Myahudi. Mtu aliyefundishwa tangu utotoni kwamba Myahudi ni adui alilazimika kuketi naye katika gari moja kila siku, na polepole akatambua kwamba aliyofundishwa yalikuwa uongo.

Katika kambi iliyokuwa karibu na Ashton-in-Makerfield, Lancashire, mateka waliruhusiwa kucheza mpira. Trautmann hakuwa mlinda mlango wakati huo, bali alicheza katikati ya uwanja. Siku moja aliumia mchezo ukiwa unaendelea, akabadilishana nafasi na mlinda mlango wao. Tangu siku hiyo hakurudi tena mbele. Na kwa kuwa Waingereza waliona taabu kulitamka jina lake, wakamwita Bert.

Mwaka 1948 alipata ruhusa ya kurudi kwao, lakini alichagua kubaki. Alifanya kazi shambani kwa muda, kisha akafanya kazi ya kuondoa mabomu yasiyolipuka karibu na Liverpool. Siku za mapumziko alicheza katika St Helens Town, timu ndogo ya wachezaji wasiotegemea mpira kwa riziki yao. Habari za Mjerumani huyo mrefu mwenye mikono ya ajabu zikaenea, na watazamaji wakazidi kila juma.

GHASIA MJINI MANCHESTER

Mwezi wa Oktoba 1949 timu ya Manchester City ilimwandika Trautmann. Mlinda mlango wao mkuu, Frank Swift, aliyependwa mno na watu, alikuwa ameacha mpira, na pengo lake lilikuwa kubwa. Lakini habari hiyo iliwachoma watu wengi moyo. Mji wa Manchester ulikuwa umepigwa mabomu na ndege za Ujerumani. Wazazi waliokuwa wamefiwa na wana wao walikuwamo katika kila mtaa. Tena Wayahudi wengi walikuwa wakiishi humo. Watu wapatao 20,000 waliandamana njiani kupinga, na baadhi ya wenye tikiti za mwaka mzima wakaapa kwamba hawatakanyaga tena uwanjani.

Watu wawili walisaidia kuituliza ghasia hiyo. Wa kwanza alikuwa kaptini wa timu, Eric Westwood, ambaye mwenyewe alikuwa askari katika mapigano ya Normandy. Alimpokea Trautmann mbele ya wenzake, akasema wazi kwamba ndani ya chumba chao cha kuvalia hakuna vita. Wa pili alikuwa Dkt. Alexander Altmann, rabi mkuu wa Wayahudi wa mji huo. Yeye alikuwa amekimbia Ujerumani mwaka 1938, na wazazi wake waliuawa na Wanazi. Kama kulikuwa na mtu mwenye haki ya kukasirika, ni huyo. Lakini aliandika barua katika gazeti akiwasihi watu wasimwadhibu mtu mmoja kwa dhambi za taifa zima, bali kila mtu apimwe kwa matendo yake mwenyewe.

Wazee wetu husema samaki mmoja akioza, wameoza wote. Methali hiyo inafaa kwa mtungo wa samaki, kwa maana samaki hawana dhamiri. Rabi yule aliwakumbusha watu wa Manchester kwamba binadamu hawauzwi kwa mtungo.

Walakini barua haitoshi kumfanya mtu akubaliwe. Ilimpasa Trautmann kuonyesha kazi. Alicheza mara ya kwanza tarehe 19 Novemba, 1949, dhidi ya Bolton Wanderers. Mwezi wa Januari 1950 alikwenda London kucheza na Fulham. Watazamaji walimzomea na kumwita Nazi tangu mwanzo, katika mji uliokuwa bado na magofu ya nyumba zilizobomolewa na mabomu. Timu yake ilishindwa kwa bao 1 kwa 0, lakini alikuwa ameokoa mipira mingi hata mchezo ulipokwisha wachezaji wa pande zote mbili walijipanga wakampigia makofi akitoka, na watazamaji wale wale wakasimama kumshangilia.

UFUNDI WAKE

Siku zile walinda mlango wengi wa Uingereza walipodaka mpira walikuwa wakiupiga teke la juu na mbali. Teke la namna hiyo hupendeza macho, lakini mpira ukishuka, aghalabu adui ndiye aupataye. Trautmann alikuwa amejifunza mpira wa mikono utotoni, na mkono wake ulikuwa na nguvu nyingi. Kwa hiyo aliurusha mpira moja kwa moja kwa mwenzake aliyekaa peke yake, na shambulio likaanzia pale pale mlangoni.

Ufundi huo ulipata maana kubwa zaidi baada ya tarehe 25 Novemba, 1953, siku ambayo timu ya Hungary iliishinda Uingereza kwa mabao 6 kwa 3 huko Wembley. Wahungary walimweka mshambuliaji wao wa katikati, Hidegkuti, nyuma ya wenzake, na walinzi wa Uingereza hawakujua nani amfuate. Manchester City wakauiga mpango huo. Trautmann alimrushia mpira Ken Barnes, na Barnes akampasia Don Revie, aliyecheza nafasi kama ile ya Hidegkuti. Kwa mpango huo walifika katika mchezo wa mwisho wa Kombe la F.A. mwaka 1955, wakashindwa na Newcastle United kwa mabao 3 kwa 1. Mwaka uliofuata wakarudi tena.

TAREHE 5 MEI, 1956

Mchezo huo wa mwisho ulikuwa kati ya Manchester City na Birmingham City, mbele ya watu 100,000 huko Wembley. Siku chache kabla yake, waandishi wa habari za michezo walikuwa wamemchagua Trautmann kuwa Mchezaji Bora wa Mwaka, na hapana mlinda mlango aliyewahi kupata heshima hiyo kabla yake.

Zilikuwa zimebaki dakika 17, na City walikuwa mbele kwa mabao 3 kwa 1. Peter Murphy wa Birmingham aliukimbilia mpira, na Trautmann akajitupa miguuni pake kuudaka. Goti la Murphy likampiga shingoni. Alianguka akapoteza fahamu kwa kitambo. Sheria ya wakati ule haikuruhusu mchezaji wa akiba kuingia; kama angetoka, wenzake wangebaki kumi, na mmoja wao angelazimika kukaa mlangoni. Basi akainuka. Macho yake yalikuwa kama yameingia ukungu na shingo ilimwuma vibaya, lakini aliendelea kudaka mipira, na hata akagongana na mwenzake mmoja, mpaka filimbi ya mwisho ilipopigwa. Alipopanda kupokea nishani yake, Duke wa Edinburgh, mume wa Malkia, aliona kwamba shingo ya mtu huyu imekaa upande.

Hapo kwanza aliambiwa kwamba ni mshtuko mdogo tu, utapona wenyewe. Maumivu hayakupungua. Siku nne baada ya mchezo alipigwa picha ya eksirei mjini Manchester, ikaonekana kwamba pingili tano za shingo zilikuwa zimeteguka, na ya pili ilikuwa imepasuka vipande viwili. Pingili ya tatu ilikuwa imejibana chini yake kama kabari, ikaizuia isisogee. Na hilo ndilo lililookoa maisha yake.

Akiwa bado anauguza shingo, msiba mkubwa kuliko huo ulimpata. Mwanawe John, mtoto wa miaka mitano, aligongwa na motakaa akafa. Huzuni hiyo haikuwatoka yeye na mkewe, na miaka mingi baadaye ndoa yao ilivunjika. Mwezi wa Desemba 1956 alirudi uwanjani, na ingawa mwanzoni hakuwa kama zamani, aliendelea kucheza mpaka mwaka 1964. Jumla alichezea Manchester City mara 545. Mchezo wa kumuaga, uliofanywa mwezi wa Aprili 1964, ulijaza uwanja.

Jambo moja hakulipata. Hakuichezea timu ya taifa lake hata mara moja, kwa sababu mwalimu wa Ujerumani ya Magharibi, Sepp Herberger, hakuwachukua wachezaji waliokuwa katika vilabu vya nchi za nje.

KUTOKA MLANGONI HADI UALIMU

Wachezaji wengi wakiacha mpira hubaki na hadithi tu. Trautmann alitaka kazi. Mwaka 1965 akawa meneja wa Stockport County, timu yenye fedha kidogo iliyo jirani na Manchester. Aliona kwamba Jumamosi watu wote huenda kutazama timu kubwa mbili za Manchester, basi akaifanya timu yake icheze jioni ya Ijumaa, na watazamaji wakaongezeka. Lakini hakupatana na mwenyekiti, akajiuzulu mwaka 1966. Alirudi Ujerumani kufundisha timu mbili ndogo, nako hakukaa sana. Si kila mchezaji hodari aliye na bahati katika umeneja.

Kazi iliyomfaa aliipata baadaye. Chama cha mpira cha Ujerumani kilikuwa kinatuma walimu katika nchi ambazo mpira ulikuwa haujapata misingi imara, nao walifundisha timu pamoja na watu watakaokuwa walimu wa kesho. Mwaka 1972 Trautmann alipelekwa Burma, ambayo timu yake ilicheza mwaka huo katika Michezo ya Olimpiki mjini Munich. Kutoka huko alikuja Afrika ya Mashariki, akafundisha Tanzania katikati ya miaka ya 1970. Kisha akaenda Liberia, Pakistan na Yemen, mpaka alipostaafu mwaka 1988 akakaa Uhispania.

Methali ya Kiswahili yasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtu huyu aliwahi kuingia katika nchi za wengine akiwa askari wa jeshi lililozivamia, na wenyeji wake hawakupona. Katika nusu ya pili ya maisha yake aliingia katika nchi za wengine akiwa na mipira na filimbi, akawaachia wenyeji kitu cha kuwafaa.

Mwaka 2004 serikali ya Uingereza ilimpa nishani ya O.B.E. kwa kazi yake ya kuwapatanisha Waingereza na Wajerumani. Alifariki nchini Uhispania tarehe 19 Julai, 2013, akiwa na umri wa miaka 89.

Wengi humkumbuka kwa shingo iliyovunjika, na ni kweli kwamba ushujaa wa dakika 17 zile ni wa kushangaza. Lakini ushujaa wa namna hiyo ulikuwako pia katika jeshi la Hitler, na haukumfaa mtu yeyote. Lililo adimu zaidi ni mtu kutambua kwamba alidanganywa tangu utotoni, kisha akakaa miongoni mwa wale aliofundishwa kuwachukia, akasubiri kupimwa kwa kazi yake. Na wanaostahili sifa pamoja naye ni wale waliokubali kumpima, hasa rabi aliyefiwa na wazazi wake, ambaye kwa kuandika barua ile hakutarajia faida yoyote.