Kuandika damu bila kuipamba

Riwaya na filamu zikimtafuta dikteta wa Kiafrika, mara nyingi humwendea Idi Amin wa Uganda, Mkakwa ambaye kwao ni Koboko. Kwa hiyo ukatili huonekana kama mmea uliojiotea katika udongo wa West Nile, eneo la kaskazini-magharibi mwa Uganda ilipo Koboko. Mwanaanthropolojia Mark Leopold, katika kitabu chake *Inside West Nile* cha 2005, ameonyesha kuwa sifa hiyo mbaya ina historia ndefu tangu ukoloni. Mbali na kuwaonea watu, mtunzi anayeirithi anaharibu hadithi yake, kwa sababu ukatili usio na chanzo haumtishi msomaji.

Chukua Ombaci, karibu na mji wa Arua. Oktoba 1980, baada ya Amin kupinduliwa, waliokuwa askari wake waliishambulia West Nile kutoka ng'ambo ya mpaka. Jeshi la serikali mpya, UNLA, liliporudi katika eneo hilo liliwalipizia raia, na wengi wakakimbilia Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981, askari wa UNLA waliingia katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, raia walikojihifadhi, wakaua makumi ya watu.

Anayetaka kutunga hadithi ya siku kama hiyo asianze na bunduki. Aanze na aliyekuja na mkeka, na waliokuwa wakigombea kivuli, na mama aliyesema anarudi mara moja tu kuchukua sufuria. Msomaji akishamjua huyo mama, mlio mmoja unatosha. Tukio lenyewe liwe fupi, vitenzi vitupu, bila kuhesabu majeraha. Kurasa nyingi zibaki kwa yanayofuata: sufuria inayoonekana kwa jirani, jina ambalo watoto hawathubutu kulitaja.

Hofu nayo huishi zaidi katika kungoja. Goretti Kyomuhendo alilijua hilo. Riwaya yake *Waiting* ya 2007 inaifuata familia ya Hoima mwaka 1979, ikingoja kwa hofu askari wa Amin wanaokimbia, na kungoja huko ndiko kunakomkaba msomaji.

Lililo gumu zaidi ni muuaji. Ndani ya UNLA walikuwamo Waacholi na Walangi wengi, na Amin aliwaua askari wa makabila hayo kwa wingi mwaka 1971. Mtunzi amwonyeshe askari wa namna hiyo akiwa na kaka yake aliyemzika, au ambaye hata mwili wake hakuupata auzike, kisha amwache afyatue risasi bila kumtetea.