Vumbi la Saruji na Bei ya Upepo

Wengi wetu tumepata kuona gurudumu la baiskeli likitiwa upepo. Mwenyewe hulipa kidogo tu akaenda zake. Kwa hiyo twadhani upepo ni kitu rahisi, maana hewa iko tele kila mahali wala haiuzwi dukani. Nami nilidhani hivyo hivyo mpaka likizo ya Desemba, nilipokwenda kukaa kwa mjomba wangu, ambaye ni fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha saruji. Jioni ya kwanza nilimwamkia, nikamwuliza habari za kazi. Akanijibu, "Mjomba, kazi yetu sisi ni kununua upepo kwa bei ghali na kuutupa."

Kwanza yafaa nieleze jinsi vumbi linavyokamatwa. Saruji husagwa mpaka ikawa laini kuliko unga wa ngano, na mahali pote inaposagwa, inapopita kwenye mikanda na inapotiwa mifukoni, vumbi huruka. Feni kubwa huivuta hewa hiyo yenye vumbi na kuipeleka katika sanduku la chuma, refu kama nyumba, ambamo imetundikwa mifuko ya kitambaa, mirefu na myembamba kama miguu ya suruali, pengine mia na zaidi. Ndani ya kila mfuko mna kiunzi cha waya ili usijikunje. Hewa hupenya kitambaa kutoka nje kuingia ndani, ikapanda juu ikatoka safi, na vumbi hubaki limeganda nje ya mfuko.

Vumbi hilo likizidi, hewa hushindwa kupita. Hapo ndipo upepo unapotakiwa, yaani hewa iliyoshindiliwa na kompresa, ingawa mafundi wote huiita upepo tu. Juu ya kila safu ya mifuko kuna bomba lenye matundu, lililounganishwa na tangi la upepo. Valvu yenye kiwambo cha mpira hufunguka kwa muda mfupi mno, kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Upepo hushuka kwa kishindo ndani ya mifuko, mifuko ikatutumka, vumbi likaanguka chini na kurudishwa kazini. Ukisimama karibu wasikia pu! pu! pu! mchana na usiku. Njia hii ilianza Marekani katika miaka ya 1950, ikaenea kwa sababu mifuko husafishwa bila kusimamisha kazi.

Sasa, kwa nini upepo uwe ghali? Jaribu kutia upepo baiskeli kwa pampu ya mkono, kisha shika pampu karibu na mdomo wake: utaiona ina moto. Moto huo ni nguvu yako iliyopotea. Kompresa nayo ni vivyo hivyo. Katika kila yuniti 10 za umeme ziingiazo humo, ni kama 1 tu, au 1 na nusu, itakayotokea upande wa pili ikafanya kazi yenye faida. Zilizobaki zimekuwa joto.

Jina la kiwanda sikulitaja, na sababu ni hii. Wakati mmoja bili ya umeme ilipanda, na mkubwa mmoja akaamuru upepo wa mifuko ufungwe usiku ili kompresa zipumzike. Hazikupita siku nyingi mifuko ikaziba, feni ikashindwa kuvuta, na vumbi likatoka kila penye upenyo. Asubuhi shangazi, mke wa mjomba, alikuta mpunga aliouanika mkekani umekuwa wa kijivu. Wapakiaji wa saruji wakawa wakikohoa zamu nzima. Bili ilipungua kweli mwezi ule, na mwezi uliofuata ikabidi kununua mifuko mipya. Basi watu wakaona kwamba upepo haupunguziki. Mjomba hakukubali, akaomba ruhusa ajaribu njia yake.

Alianza na mivujo. Siku ya Jumapili, kiwanda kilipokuwa kimesimama, aliwasha kompresa moja bila ya kazi yo yote na kutazama saa. Ikiwa kompresa yashindilia dakika 3 na kupumzika dakika 7, na hakuna anayetumia upepo, basi asilimia 30 yote yavuja! Katika viwanda visivyotunzwa vema jambo hili si la ajabu. Asilimia 20 hadi 30 ni kawaida. Kisha akazunguka na ndoo ya maji ya sabuni, akipaka kila kiungo na kutazama povu, kama fundi wa pancha atafutavyo tundu katika beseni. Tundu lenye upana wa milimita 3 tu, upepo ukiwa na nguvu ya pauni 100 kwa inchi ya mraba, hutoa kama lita 11 za hewa kila sekunde, na kompresa hula karibu kilowati 4 kulijaza. Kwa siku moja ni yuniti 90 na zaidi. Tukisema, kwa ajili ya hesabu tu, yuniti ni shilingi 200, tundu hilo lala shilingi 18,000 kila siku, nalo halina mlomo wa kuonekana! Wabaya kuliko wote ni viwambo vya valvu vilivyochanika. Hivyo huvuma polepole, na kelele za kiwanda huzima sauti yao.

Jambo la pili lilinishangaza zaidi. Valvu zilikuwa zikipiga kwa saa, moja kila sekunde 10, mifuko ikiwa michafu au isiwe michafu. Piga hesabu: ni mapigo 8,640 kwa siku. Nilidhani kusafisha sana ni kuzuri, lakini sivyo. Tabaka jembamba la vumbi juu ya kitambaa ndilo lichujalo vumbi laini. Ukiliangusha lote, vumbi hupenya kitambaa, na mfuko huchakaa upesi. Mjomba alifunga manometa, ile neli ya umbo la U yenye maji tunayoitumia maabara. Mkono mmoja husoma upande wa hewa chafu na wa pili upande wa hewa safi. Tofauti ikifika milimita 150 za maji, usafishaji huanza. Ikishuka hadi 100, huacha. Saa zilizo nyingi valvu zikawa kimya.

Juu ya nguvu ya upepo tulibishana. Mimi nilisema kwa ujasiri wa mwanafunzi kwamba pauni nyingi ndizo zisafishazo vizuri. Alicheka, akapunguza kutoka 95 hadi 75, pauni chache chache kwa siku, akitazama manometa kila mara. Maji hayakupanda. Kwa kila pauni 2 zipunguzwazo pale penye kompresa, umeme hupungua kama asilimia 1. Kadhalika alifupisha muda wa valvu kufunguka, maana kishindo cha mwanzo ndicho kiangushacho vumbi. Upepo ufuatao wapita bure.

Palibaki taabu ya maji. Pwani hewa ina unyevu mwingi, na ikishindiliwa hutoa maji ambayo hushuka pamoja na upepo hadi mifukoni, na kila mtu ajua saruji ikipata maji huwaje. Hapo awali walikuwa wakiacha bomba la tangi wazi kidogo ili maji yatoke, na upepo ukatoka nayo. Sasa kuna valvu ndogo yenye boya, ifungukayo maji yakijaa tu.

Siku yangu ya mwisho nilipewa daftari nisome manometa zamu nzima. Niliandika 104, 118, 131, 149, kisha mapigo yakaanza, nikaandika 101. Kompresa ya pili ilikuwa imezimwa, na juu ya kifuniko chake mtu alikuwa ameweka chupa ya chai.