Siku ya Mashujaa: Kamera zimtazame na mzee wa shoka

Kila tarehe 25 Julai Tanzania huadhimisha Siku ya Mashujaa, na magazeti ya kesho yake hutoka na picha karibu ileile: Rais au mgeni rasmi amesimama mbele ya mnara akiweka mkuki na ngao. Baada yake Mkuu wa Majeshi huweka sime, kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua, na meya upinde na mshale. Kisha hutoka mzee mmoja kwa niaba ya wapiganaji wa zamani, naye huweka shoka. Kufikia hapo wapiga picha wengi wameshainamisha vichwa kuangalia walichopata kwa wakubwa.

Kwa maoni yangu mzee wa shoka ndiye habari yenyewe. Wengine wote wapo pale kwa vyeo vyao, na mwakani cheo kinaweza kushikwa na mtu mwingine. Yeye yupo kwa sababu alikuwepo vitani.

Wasomaji wetu wa Mutukula, Kyaka, Bukoba na Masaka hawahitaji kuhadithiwa sana, maana vita hivyo vilipita kwenye barabara yao ya biashara. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuikalia ardhi ya Tanzania iliyo kaskazini ya Mto Kagera. Daraja la Kyaka likavunjwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga adui vyote vipo. Januari 1979 Mutukula ikachukuliwa, Februari Masaka na Mbarara, Machi yakawa mapigano ya Lukaya, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Lori la mchele likitoka Tanzania leo kwenda Kampala linafuata njia hiyohiyo: linavuka Kyaka, linakaguliwa Mutukula, linapita Masaka, na dereva akifika Lukaya anasimama kununua nyama ya kuchoma.

Waliokwenda vitani hawakuwa wanajeshi wa kambini peke yao. Walichukuliwa mgambo kwa maelfu, polisi, magereza na vijana wa JKT. Walikuwepo pia Waganda waliopigana bega kwa bega na Watanzania, wakiwemo wa Kikosi Maalum na wa Fronasa ya Yoweri Museveni. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 alizaliwa 1958, kwa hiyo sasa anakaribia 70 au ameshafika. Waliokuwa makamanda wao wana umri mkubwa zaidi, na wengi wameshazikwa.

Yupo pia mzee wa upande wa pili, yule aliyevaa sare za Amin. Huyo haalikwi kwenye gwaride lolote. Mfanyabiashara anayefahamiana naye Masaka au Arua asimlazimishe kusimulia wala kupiga picha, lakini akitaka mwenyewe, asinyimwe. Kumbukumbu ya vita ikibaki na upande mmoja tu, wajukuu wataipokea ikiwa nusu.

Majina yaliyopotea Kariakoo

Hasara ya kutoandika majina tunaijua vizuri, ila tumeizoea. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, masoko ambayo nusu ya wasomaji wa ukurasa huu wamenunua mzigo humo, yote mawili yanabeba jina la kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Waafrika wengi mno walibeba mizigo ya jeshi la Mwingereza, na wengi walikufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Mwaka 1927 iliwekwa sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam, Nairobi nayo ikapata sanamu zake, na Mombasa vilevile. Majina ya wapagazi wenyewe, kwa sehemu kubwa, hayako popote. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba Waafrika wengi waliokufa katika vita hivyo hawakukumbukwa kwa majina kama wenzao wa Ulaya. Anayepita Taveta akitoka Holili anaweza kusimama kwenye makaburi ya kijeshi ya pale, aone jinsi jiwe lenye jina linavyomshika mtu kuliko mnara usio na jina.

Wazee wa Kagera hawajafika huko. Kaboya, wilayani Muleba, kuna makaburi ya zaidi ya wapiganaji 600 wa vita hivyo, nao waliandikwa. Maadhimisho ya kitaifa ya mwaka 2013 yalifanyika hapo, Rais Kikwete akiwa mgeni rasmi. Ila makaburi ni ya waliokufa. Waliorudi wakashika jembe au biashara ndogo ndio ambao picha zao hazipo.

Ukitaka kulihakikisha hilo, hudhuria msiba wa mmoja wao. Picha iliyowekwa kwenye jeneza mara nyingi ni ile ya kitambulisho, imekuzwa mpaka uso umekuwa na ukungu. Nishani zimo kwenye bati la biskuti, na watoto hawajui ipi ilitolewa kwa ajili gani.

Jinsi ya kuipiga

Hapa naandika kwa ajili ya wenye vibanda vya picha za pasipoti Mutukula na Bukoba, na kwa yeyote mwenye simu nzuri. Kwanza ni ruhusa. Kaboya ni eneo la jeshi, na viwanja vya maadhimisho vina ulinzi. Kamera hutolewa mfukoni baada ya kuuliza getini, na lenzi haielekezwi kwenye majengo, magari au walinzi. Ukikatazwa, kubali, mzee atakuwepo pia nje ya uwanja baada ya shughuli.

Tena huko nje ndiko kuzuri. Wakati wa gwaride mzee yuko mbali, jua la saa nne limemkalia utosini, na ukingo wa kofia umemtia kivuli machoni. Nishani zinang'aa, uso mweusi unapotea. Msubiri amalize. Mwamkie kwanza, shikamoo baba, mwambie wewe ni nani na picha unaitaka ya nini. Mpeleke kivulini, chini ya mti au kando ya ukuta uliopakwa rangi nyeupe, mwambie ainue kidogo kidevu. Asimamishwe muda mrefu. Mguu wenye jeraha la zamani hausemi. Akitaka kukaa, akae, na wewe upige magoti kamera ifike usawa wa macho yake. Akikataa kuvua miwani au akitaka fimbo yake ionekane, huo ndio uso wake.

Piga moja ya uso, moja ya mwili mzima na moja ya mikono na nishani kwa karibu. Halafu muulize, uandike palepale: jina lake kamili, kikosi, kijiji alikozaliwa, alivukia wapi, aliishia wapi. Wengi watakutajia na jina la mwenzao asiyerudi. Liandike pia.

Wala usimwahidi kumtumia kwa WhatsApp. Simu ya mzee hupotea, ya mtoto wake huibwa, na picha inakwenda nayo. Isafishe kwenye karatasi, nyuma yake yaandikwe yote kwa kalamu isiyofutika. Mtoze bei ya kawaida, au usimtoze. Hiyo ni kati yako na dhamiri yako. Safisha nakala mbili, kwa kuwa familia nyingi za Kagera zina mtoto aliyeolewa Rakai au anayeuza duka Kampala. Mabasi ya Bukoba kwenda Kampala hubeba bahasha, na makondakta wa njia hiyo wanajuana na wenye maduka.