Kuku Wakifa, Nani Atabeba Hasara?



Ndugu zetu wa Unguja na Pemba, tumeulizwa: je, yafaa kumpa mtu pesa akatufugie kuku bara, naye atulipe faida iliyokwisha kutajwa?

Kuku wa kienyeji wa Singida wanasifika na huuzwa hadi Dar es Salaam. Lakini mfugaji wa huko anajua kwamba kideri kikiingia, banda laweza kubaki tupu kwa siku chache. Hawezi kumdhaminia mtu faida. Hata hivyo, kampuni ya Mr. Kuku Farmers ya Dar es Salaam iliahidi faida ya asilimia 70 kwa miezi minne na asilimia 90 kwa miezi sita, na wengi wakatoa pesa. Mwaka 2020 mkurugenzi wake alitiwa hatiani katika Mahakama ya Kisutu kwa kuendesha upatu na kupokea amana bila leseni.

Kwa nini watu wenye akili zao wanaingia? Ubongo una kemikali iitwayo dopamini. Katika majaribio ya mwanasayansi Wolfram Schultz, kima walipozoea ishara ya kuletewa maji ya matunda, chembe za dopamini ziliamka kwa ishara, si kwa maji yenyewe. Ndivyo tulivyo: tunafurahia faida kabla hatujaishika. Mshawishi anajua hilo. Anatuonyesha picha ya banda, anamtaja jirani aliyelipwa, kisha anasema nafasi zinaisha kesho. Tamaa na hofu zikikutana, sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima mambo, huzidiwa. Dhahabu ya mama na akiba ya Hija huondoka hivyo.

Kisharia, katika mudharaba faida hugawanywa kwa sehemu, kama nusu kwa nusu, na hasara ya mtaji humwangukia mwenye mtaji, isipokuwa mfanyakazi amezembea au amevunja masharti. Anayedhamini mtaji pamoja na faida maalumu amefanya mkopo wenye riba, hata akiuita ufugaji. Basi haifai.

Tunawausia: msitoe pesa siku ile ile mliyoshawishiwa. Fanyeni shura nyumbani, mume na mke pamoja na wazee, kisha mswali istikhara. Subira hiyo huupa moyo nafasi ya kutulia. Na muulizeni mwenye mradi: kuku wakifa, nani atabeba hasara? Akijibu kwamba hakuna hasara, rudini na pesa zenu.

Wallahu a‘lam.