Joto la Kanisani Latoka Juu

Barabara ya kutoka Bukavu ikishapita Miti na kukata msitu wa Kahuzi-Biega, huteremka hadi Bunyakiri, na baridi ya mlimani hubaki nyuma. Jumapili asubuhi kanisani huwa shwari. Ifikapo saa tano, kwaya ya pili ikisimama kuimba, akina mama wanajipepea kwa vitabu vya nyimbo.

Lawama huangukia wingi wa watu. Si uongo: mtu aliyeketi hutoa joto la wati 100 hivi, kwa hiyo waumini 300 ni kilowati 30, na wakicheza huzidi. Lakini Bunyakiri iko digrii mbili tu kusini mwa ikweta. Siku isiyo na mawingu, jua la mchana humimina karibu wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba. Paa la mita 20 kwa 10 linapigwa na kilowati 200! Manjanja yaliyoshika kutu hunyonya sehemu kubwa ya nishati hiyo, huweza kupita nyuzi 60, kisha huimwaga kwa mnururisho moja kwa moja vichwani. Ndiyo maana madirisha yakiwa wazi bado utosi unawaka.

Kununua jenereta na feni kabla ya kugusa paa, basi, ni kuanzia mwisho. Feni hukausha jasho tu. Bati linabaki vilevile.

Mwaka 2001, huko Gando, Burkina Faso, msanifu Francis Kéré alijenga shule ambayo paa lake la mabati limenyanyuliwa juu ya dari la matofali, upepo ukipita katikati na kuondoka na joto. Kanisa lililokwisha kujengwa linaweza kuiga kwa gharama ndogo: dari la mianzi iliyosukwa, nafasi ya hewa juu yake, na matundu pande zote mbili chini ya kipaa. Rangi nyeupe juu ya bati, ikiwa mpya, hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua. Chokaa tupu haifai. Mvua za Kivu Kusini zitaiosha mapema.

Mvua yenyewe ni sababu nyingine ya kuweka dari. Inapopiga bati tupu, mhubiri hasikiki, fundi anaongeza sauti ya spika, na jenereta linakula mafuta zaidi. Dari likishapunguza kelele hiyo, vipaza sauti vya wastani, kinanda na taa za LED vinaweza kuendeshwa kwa paneli chache za sola na betri.